Bembea ya duara kutoka kwa fundi wa Gerezani
Mwanangu ana usonji, na mwenzake darasani anatumia kiti cha magurudumu. Wazazi tulichanga, tukaenda mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kwa fundi mmoja wa kuchomelea, atutengenezee vifaa vya kuchezea ambavyo wote wawili wataviweza. Bembea ya duara, ile ya kulalia kama kiota, imetoka safi: kamba zimesukwa kwa mkono, vyuma vimepigwa msasa mpaka kwenye kona. Watoto watatu wanaenea. Wangu, ambaye kelele kidogo tu anaziba masikio, hulala humo chali akiutazama mwarobaini, kimya.

Njia ya mteremko ya kupandia jukwaa la kuchezea kwa kiti cha magurudumu ndiyo iliyotutoa jasho. Kila sentimita 1 ya kimo inataka 12 za urefu. Jukwaa letu lina kimo cha sentimita 50, kwa hiyo mita 6. Fundi akaleta mita 3! "Mama, si atasukumwa tu?" Nikamwambia akae yeye kwenye kiti, ajiendeshe. Akakwama katikati, akacheka, akarudia kazi bila kuongeza bei.

Mtelezo wa bati sikuupenda: saa sita mchana unaunguza mapaja, tumeuhamishia kivulini. Na mchanga waliomwaga chini unameza magurudumu. Kwa fundi huyu nitarudi, ila na futikamba yangu mkobani.