AC ya inverta ya BTU 12,000 kwa nyumba za Pwani: bei inarudi, mtihani ni bodi

Chumba cha mita nne kwa nne chenye dari nzuri kinatoshwa na AC ya BTU 9,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza). Kama bati liko wazi juu au dirisha linapigwa na jua la jioni, panda hadi 12,000. Hiyo ndiyo tunayoipima hapa, ya inverta na gesi ya R32, katika mazingira ya Dar, Tanga au Mombasa: joto la Kaskazi, chumvi ya bahari na umeme unaocheza.

Kwenye matumizi ya umeme haina ubishi. AC ya kawaida huwasha kompresa, pampu inayosukuma gesi, kwa nguvu zote, karibu kilowati 1.1, ikazima, kisha ikawasha tena. Inverta hupunguza mwendo chumba kikishapoa, na ikiwekwa nyuzi 25 hushuka hadi wati 300 au 500. Kwa saa nane za usiku hiyo ni uniti tatu na nusu hivi badala ya tano na ushee. Uniti zinazookolewa kwa mwezi hufika 50, na kwa LUKU ya Tanzania, karibu shilingi 350 kwa uniti, tofauti ya laki mbili dukani hurudi ndani ya mwaka mmoja. Ukiiweka nyuzi 16 kompresa haitulii, na inverta umeilipia bure. Kwa chumba cha wageni kinachofunguliwa sikukuu hadi sikukuu, nunua ya kawaida. Na anayeishi kwa zile uniti 75 za mwezi za bei nafuu za Tanzania ajue kwamba AC inayowaka kila usiku inazimaliza peke yake.

Udhaifu wa inverta ni bodi ya kielektroniki ya kipande cha nje. AC ya kawaida ikigoma kuwaka, mara nyingi ni kapasita, kifaa kidogo cha kuisaidia kompresa kuwaka, na kila fundi anayo mfukoni. Bodi ya inverta huagizwa kwa modeli yake, na bei yake inauma. Huuawa na umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika, basi funga kifaa cha kulinda chenye kuchelewesha dakika tatu hadi tano. Adui wa pili ni mjusi kafiri, anayeingia kutafuta joto na kuunganisha nyaya kwa mwili wake. Wavu mwembamba kwenye tundu la nyaya unamzuia, mradi usizibe njia ya hewa ya feni.

Dukani, angalia koili ya nje (mabomba na mapezi yanayotoa joto) kabla ya rangi ya rimoti. Zipo zenye mabomba ya alumini badala ya shaba. Ni nafuu, lakini zikitoboka mafundi wengi hawawezi kuzichomelea. Mapezi yenye mipako ya bluu au dhahabu huvumilia chumvi zaidi, japo hayaponi kabisa. Usiielekeze koili upande unaopokea upepo wa bahari moja kwa moja, na isuuze kwa maji baridi ya bomba kila mwezi. Kwa nyumba iliyo karibu kabisa na ufukwe, kila wiki mbili. Zima breka kwanza.

Ufungaji ndio unaoamua umri wake. Dai pampu ya vakyumu, ifyonze hewa yote kwenye mabomba kwa dakika 20 hadi 30, kisha geji ya presha ikae bila kupanda. Fundi anayefungulia gesi kidogo "kutoa hewa" anaacha unyevu ndani. Unyevu hukutana na mafuta ya kompresa na kuzaa asidi. R32 pia inaweza kushika moto, na presha yake ni kubwa kuliko ya R22, gesi ya AC za zamani, hivyo geji za zamani hazifai. Bomba la maji lishuke angalau sentimita moja kwa kila mita, la sivyo maji yatarudi ukutani.

Filta za ndani zioshwe kila wiki mbili. Usafi mkubwa, wa koili na feni ya ndani, ufanyike Oktoba au Novemba, kabla Kaskazi haijawapa mafundi foleni. Wakati wa Kusi, AC ikipumzika, iwashe feni tupu nusu saa kwa wiki ili ukungu usiote. Usiifunike nje kwa nailoni, inatunza unyevu.

Ikitoa barafu, osha filta kwanza. Ikiendelea, huenda gesi imepungua, na hapo ndipo pa kuwa mkali: gesi haiishi kama petroli, inavuja. Fundi apake povu la sabuni kwenye nati zote kabla ya kujaza, na akijaza apime kwa mizani kulingana na gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko cha kipande cha nje.