Vifaa vya mazoezi ya hoki ya barafu nje ya uwanja: nini ununue kwanza

Mchezaji wa hoki ya barafu hukaa nje ya barafu muda mrefu kuliko anaokaa juu yake. Hata Canada, ambako viwanja ni vingi, saa ya barafu hulipiwa na timu hugawana. Nairobi ndiyo kabisa: tegemeo ni uwanja wa hoteli ya Panari, Mombasa Road, uliofunguliwa 2005, nao ni mdogo sana ukiulinganisha na uwanja wa NHL, ligi kuu ya hoki ya Canada na Marekani, wenye urefu wa mita 61 na upana wa mita 26. Humo ndimo walimokulia Kenya Ice Lions, vijana waliopelekwa Canada mwaka 2018 wakacheza bega kwa bega na nyota wa NHL, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mwaka 2024 Kenya ikapokewa kuwa mwanachama wa IIHF, shirikisho la kimataifa la mchezo huu. Timu iliyofika hapo ikiwa na barafu kidogo namna hiyo imefanya kazi nyingi sana juu ya lami na sakafu.

Nawaandikia wachezaji wa Nairobi, na pia wazazi wetu walioko Edmonton, Minneapolis au Stockholm ambao watoto wao wameupenda mchezo na sasa kila wakifungua simu wanaona tangazo la kifaa kipya. Nimevipanga vifaa kwa kuuliza maswali mawili: mchezaji atakitumia siku ngapi kwa wiki, na kazi anayoifanya nacho inafanana kiasi gani na ile ya barafuni? Bei nimeiangalia baada ya hapo.

Swali la pili ndilo linalowapotosha wengi. Mkimbiaji husukuma ardhi kwa nyuma. Mwenye skeiti, yaani viatu vyenye chuma chini, husukuma kwa kando, maana chuma chake kinateleza mbele na nyuma na kinashika tu kikilazwa ubavu. Nguvu inatoka kwenye nyonga, makalio na paja huku goti limekunjwa. Tena anafanya hivyo kwa zamu fupi, kama sekunde 45 hivi kwenye NHL, kisha anatoka kupumzika. Kwa hiyo kukimbia kilomita kumi asubuhi kunajenga pumzi, lakini hakumfundishi mtu kusukuma kando hata mara moja.

1. Gongo la zamani na mpira mdogo

Hiki ndicho kifaa cha bei ndogo kuliko vyote na ndicho kinachotumika kila siku, hata sebuleni. Kisahani halisi cha mchezo, kile kinachopigwa badala ya mpira, kina uzito wa gramu 170 hivi, na kwenye zulia au saruji kinakwama au kusimama wima na kubingirika. Ndiyo maana watu wanatumia mpira badala yake. Mpira wa gofu unatosha kuanzia: ni mwepesi, unakimbia haraka na unailazimisha mikono ilegee. Ukitaka uzito wa kweli, Smart Hockey wanatengeneza mpira wenye uzito sawa na kisahani, na huo ndio ningemnunulia mtu aliyekwisha kuzoea ule wa gofu. Green Biscuit ni kisahani cha vipande viwili vilivyoshikanishwa kwa namna inayomeza mtikisiko, hivyo kinatulia hata kwenye lami yenye changarawe. Ni kizuri sana kwa pasi. Usikipige kwa nguvu golini. Hakikutengenezwa kwa hilo na kitapasuka.

Gongo lenyewe linahitaji uangalifu. Ukivua skeiti unapungua sentimita kadhaa, kwa hiyo gongo linalokufika kidevuni ukiwa barafuni litakufika puani ukiwa na raba. Mtoto akifanya mazoezi hivyo kwa miezi, anazoea kuinua viwiko na kusimama wima, na tabia hiyo anakwenda nayo uwanjani. Chukua gongo kuukuu, likate juu kiasi cha kimo kilichopungua, liweke kuwa la nyumbani. Liwe la mbao au lenye kichwa (ile sehemu bapa ya chini inayogusa kisahani) cha plastiki ngumu ya ABS. La kaboni liache kwenye begi: lami hula sehemu ya chini ya kichwa, kwanza utepe unaozungushiwa hapo, halafu nyuzi zenyewe zinaanza kuchanua kama brashi, na gongo la bei kubwa limekwisha.

Kuna pia visahani vizito vya rangi ya machungwa, gramu 283 hivi, vya kujenga viganja. Kimoja kinatosha, na ni kwa mtu mzima. Mtoto mdogo anahitaji kinyume chake, kile cha bluu chenye gramu 113.

2. Ubao wa kutelezea

Kama ningeruhusiwa kununua kifaa kimoja tu chenye bei, ningechukua huu. Ni bamba laini lenye kingo mbili. Unavaa soksi maalumu juu ya raba, unasukuma ukingo wa kushoto, unateleza hadi wa kulia, unapokelewa na mguu wa pili, unarudi. Wachezaji wa mbio za skeiti wameutumia tangu zamani, na sababu inaonekana mara tu unapopanda juu yake: ni ule ule msukumo wa kando, goti limekunjwa, uzito ukihama kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Sekunde 30 za kwanza mtu hucheka. Zikifika 45, mapaja yanawaka moto.

Unaponunua, angalia kingo kabla ya kitu kingine. Ziwe zimeinama kwa nje na kufunikwa mpira au sponji ngumu, ili unyayo wote uupokee ukingo. Ukingo uliosimama wima unagonga upande wa kiatu, na kifundo cha mguu na goti ndivyo vinavyobeba mshindo. Halafu urefu. Mtoto anatosheka na mita moja na nusu. Mtu mzima anataka kati ya mita 1.8 na 2.4, na aina ambayo ukingo wake unasogezwa ina faida kwa familia yenye wachezaji wa vimo tofauti. Zile nyembamba za kukunja kama mkeka ni za bei nafuu na zinaingia chini ya kitanda, lakini zinahama sakafuni usipoweka mpira chini yake, na zikikaa zimekunjwa muda mrefu ncha zinainuka. Ubao mgumu kama wa UltraSlide hauna shida hizo, ila unagharimu dola mia kadhaa, na kuusafirisha mpaka Mombasa au Nairobi, pamoja na ushuru na VAT ya asilimia 16, kunaweza kukaribia bei yake.

Ndiyo sababu kwa aliyeko Afrika Mashariki napendekeza fundi seremala. Mpelekee vipimo: plaiwudi nene ya mita 1.8 kwa sentimita 60, juu yake ibandikwe fomaika laini, ile ya meza za jikoni, na miisho iwekwe mbao mbili zilizochongwa kwa mshazari, zifungwe kwa boliti kutoka chini. Msisitizie boliti, kwa sababu misumari italegea kwa mshindo wa wiki ya kwanza. Kabla ya kulipa, pitisha kiganja juu ya fomaika yote, kutoka mwisho hadi mwisho. Ukihisi mkwaruzo au kiputo cha gundi, soksi nayo itakikuta, na mguu utasimama ghafla mwili ukiendelea kwenda. Polishi kidogo ya samani inarudisha ulaini ubao ukianza kukwama. Vaa soksi nene za sufi juu ya raba, usiteleze ukiwa na soksi tupu.

Anza na zamu za sekunde 20 hadi 30 na upumzike angalau mara mbili ya muda huo. Mgongo ukianza kuinuka na magoti kunyooka, zamu imekwisha hata kama saa haijalia.

3. Skeiti za magurudumu

Kwa anayepata barafu mara tatu kwa wiki, hizi ni za tatu. Kwa aliye Nairobi, au Dar es Salaam na Kampala ambako barafu hakuna kabisa, zipande hadi namba moja bila mjadala. Hakuna kifaa kingine kinachokupa mwendo, gongo, wenzako na mchezo kwa wakati mmoja.

Tafuta aina ya hoki, yenye magurudumu manne kwa mstari mmoja na kiatu cha kufunga kwa kamba. Ugumu wa gurudumu umeandikwa ubavuni kwa namba na herufi A. Kwa ukumbi wa ndani chukua laini, kama 74A au 76A. Kwa lami chukua ngumu, kuanzia 82A. Ukipeleka magurudumu ya ndani kwenye lami yataisha upesi kama kifutio. Kiatu kijaribu ukiwa umekunja magoti: vidole viguse mbele kidogo ukisimama, virudi nyuma ukikunja, na kisigino kisiinuke hata chembe.

Za mitumba hupatikana kwenye masoko ya Gikomba na Toi, Nairobi, kwa mwenye subira. Shika kiatu sehemu ya kifundo ukikunje. Kikilala kwa urahisi, kiache, maana hakitakubeba. Tazama kama fremu inayoshika magurudumu imepasuka karibu na pale inapounganishwa na soli. Magurudumu yaliyolika upande wa ndani si tatizo kubwa: yageuze na uyabadilishane nafasi. Beringi zikilia, usiagize nje. Nyingi ni za kipimo cha kawaida cha viwandani, 608, na muuza beringi anayezijua kazi zake atakupa ukitaja namba hiyo tu.

Kuna mambo mawili ambayo magurudumu hayafundishi vizuri. La kwanza ni kusimama: barafuni unageuza vyuma viwili ubavu na kukwaruza, lakini kwenye lami ukijaribu hivyo utaruka mbele ya skeiti zako. La pili ni umbo. Chuma cha barafu kimepinda kidogo na kinagusa sehemu ndogo, ilhali magurudumu manne yanagusa yote kwa pamoja, kwa hiyo mikato mikali inakuwa mizito. Marsblade ya Sweden inauza fremu inayobembea kuiga huo mpindo, na inafanya kazi, ila ni ya mchezaji aliyekomaa mwenye fedha. Anayeanza aitumie pesa hiyo kununua helmeti na kinga za viganja, magoti na viwiko. Helmeti hainunuliwi baadaye. Inanunuliwa siku ile ile ya skeiti, na isiwe ya mitumba.

4. Bamba la kupigia

Ni plastiki ya polithini ngumu unayosimama kando yake na kupiga kisahani halisi golini. Nunua lenye unene wa milimita 5 hivi. Jembamba linajikunja jua likilipiga. Ukubwa si muhimu sana kwa anayepiga akiwa amesimama. Goli linaweza kuwa turubai lililotundikwa ukutani na mashimo manne kwenye pembe. Crosby alijifunza kupiga katika chumba cha chini ya nyumba yao huko Cole Harbour, Nova Scotia, na visahani vilivyokosa goli vilibonyeza kikausha nguo cha mama yake mpaka kikaja kuonyeshwa kwenye makumbusho ya michezo. Pangeni mapema ni ukuta gani utapigwa.

5. Bendi, kamba na kitu kisichouzwa

Bendi fupi ya mpira ya kuvaa juu ya magoti, kamba ya kuruka, na kettlebell moja, lile tufe zito la chuma lenye mpini. Basi. Kila mwaka vijana wanaosubiri kuchaguliwa na NHL hupimwa huko Buffalo, na miongoni mwa vipimo ni kuruka mbali kutoka pale uliposimama. Hicho unaweza kujipima kwa chaki uani.

Zoezi ninalolisisitiza kuliko bendi yoyote halihitaji kununua kitu. Kinena ndicho kinachowatoa wengi uwanjani. Utafiti wa wachezaji wa NHL uliochapishwa 2001 ulionyesha kwamba ambaye nguvu ya misuli ya ndani ya paja haikufika asilimia 80 ya ile ya nje, hatari yake ya kuumia misuli hiyo ilikuwa mara 17 zaidi. Lala ubavu, weka mguu wa juu kwenye benchi, inua kiuno mpaka mwili unyooke, shusha polepole. Anayeanza aweke goti kwenye benchi badala ya unyayo. Mzazi, kabla hujamlipia mwanao chochote kwenye mwongozo huu, hakikisha analifanya hili mara mbili kwa wiki.

Parashuti za kukimbia nazo na ngazi za kamba za kuchezea miguu usiziweke kwenye orodha. Zinaonekana vizuri kwenye video, lakini msukumo wake ni wa mkimbiaji.

6. Barafu ya plastiki

Ni vigae vya polithini vinavyoshikana, unavyokanyaga kwa skeiti zako za barafu. Nimeviweka mwisho kwa sababu eneo lenye maana linagharimu maelfu ya dola, msuguano ni mkubwa kuliko wa barafu, na makali ya skeiti yanaisha haraka, jambo zito kwa mtu ambaye hana mashine ya kunolea karibu. Golikipa ndiye ninayeweza kumshauri avinunue, kwa kuwa yeye anahitaji eneo dogo tu, na kuteleza kwa magoti na kuinuka ni kazi ambayo haiigwi vizuri na kitu kingine. Muuzaji mwaminifu atakupa kigae kimoja cha mfano. Noa skeiti, simama juu yake, sukuma mara ishirini kila mguu, kisha pitisha ukucha juu ya makali. Yasipoukwangua ukucha hata kidogo, rudisha kigae.