Cherehani nyeusi ya miguu kwa anayejishonea nyumbani

Kwa anayetaka kujishonea sketi na magauni nyumbani, cherehani nyeusi ya miguu bado naiweka mbele ya nyingi za umeme, kwa kuwa umeme ukikatika kazi haisimami, na mguu ukishazoea kukanyaga, unaweza kwenda taratibu kabisa unapozunguka shingo ya gauni. Kwenye kitenge cha pamba natumia sindano namba 14, na mshono hutoka umebana bila kuvuta kitambaa. Hata hivyo, hushona mstari ulionyooka tu, hivyo kingo za ndani hufumuka nyuzi nisipozikunja na kuzishona mara ya pili, jambo linalochosha mno, hasa kwenye sketi ya marinda. Mkanda wa ngozi unaozungusha gurudumu la cherehani ukilegea, hukatwa kidogo na kuunganishwa upya.