Kamera ya kumchungulia paka ukiwa kazini: soma adapta kwanza

Malalamiko ninayoletewa kuhusu hizi kamera yanafanana. Mtu kamwacha paka ndani, yuko zake ofisini Posta, saa saba mchana anafungua programu kwenye simu amwone mnyama wake, anakuta kamera haipo hewani. Kesho yake anairudisha dukani. Muuzaji anaichomeka, inawaka, inazunguka vizuri kabisa. Kamera ni nzima. Kule nyumbani umeme ulikatika, basi.

Kwa hiyo picha siziongelei leo. Zote nitakazozipanga zinatoa 1080p au zaidi, zinaona gizani, na masharubu ya paka utayaona. Mimi naangalia kitu ambacho hakuna tangazo linalokitaja: volti. Geuza adapta usome maandishi madogo. Ikiandikwa 5V, kamera inakula umeme uleule wa chaja ya simu, maana yake pawabenki inaiendesha. Ikiandikwa 9V, pawabenki yako ya kawaida haikusaidii.

Ya kwanza kwangu ni Ezviz C6N, na upendeleo wangu siufichi. Ni ya volti 5, inatumia waya wa micro USB, ule wa simu za zamani ambao kila nyumba unao droo nzima. Inageuka, inamfuata mnyama anapotembea, na unaweza kumwita paka akakupuuza moja kwa moja. Kibandiko kilicho chini yake kipige picha kabla hujaipandisha juu ya kabati. Namba ya siri ya kufungulia video imeandikwa pale, na utaitafuta siku ambayo ngazi hakuna.

Ya pili ni Tapo C200 ya TP-Link. Wengi wangeipa namba moja, na programu yake kweli ni nyepesi kuelewa. Lakini ni 9V. Ukiipenda, nunua na UPS ndogo ya ruta, kile kiboksi cha betri chenye matundu ya volti 5, 9 na 12. Hakikisha la 9 na la 12 ni matundu mawili tofauti, maana vipo vyenye tundu moja na swichi ya kuchagua, na hapo itabidi uchague kati ya kamera na ruta. Nenda na adapta zako zote mbili, ujaribishe vichwa vya waya palepale.

Na hiyo UPS hata mwenye Ezviz anaihitaji. Kamera ikibaki hai huku ruta imezima, unamrekodia nani? Ruta nyingi za ukutani ni za volti 12. Wenye MiFi ya mfukoni mna nafuu, ina betri yake. Pawabenki nayo ijaribu kabla hujaondoka: ichomeke ukutani, iunganishe na kamera, kisha chomoa ukutani. Nyingine zinakata umeme kwa sekunde moja, kamera inajizima na kujiwasha, na zipo kamera ambazo zikirudi zinatazama ukuta badala ya bakuli ulilozielekezea. Tena tusisahau Luku, umeme wa kulipia kabla. Tokeni utanunua kwa simu ukiwa popote, lakini kwa mita ya kawaida lazima mtu awepo nyumbani wa kuingiza zile tarakimu 20.

Ya tatu ni Xiaomi zile za kuzunguka. Nazo ni za volti 5 na picha ni safi, ila sokoni kuna toleo la China lililofungiwa kutumika kulekule China. Boksi likiwa na Kichina kitupu, liache.

Furbo inayorusha biskuti ni ya mbwa zaidi, inaagizwa nje, na huduma zake nzuri ni za kulipia kila mwezi. Tuendelee. Za bei ya chini, hasa zile za umbo la balbu: dada akizima swichi ya taa, kamera nayo imezimika. Sina la kuongeza.

Kuhusu bando, usidanganywe kwamba "haili". Video ikienda kwa kasi ya 1 Mbps inakula kama MB 450 kwa saa, upande wa nyumbani na upande wa simu yako pia. Weka kadi ya kumbukumbu, izime huduma ya kuhifadhi mtandaoni, uchungulie dakika mbilimbili.

Sasa wauzaji. Kwanza, mkome na "bei njoo inboksi". Kamera ina bei au haina? Nimeuliza bidhaa ileile kwa akaunti mbili nikapewa bei mbili, na ya akaunti yenye picha yangu nimevaa vizuri ndiyo kubwa. Pili, maboksi yaliyofunguliwa na kugundishwa upya. Ezviz inasajiliwa kwenye akaunti ya mtu. Kama aliyeirudisha hakuiondoa kwake, wewe huwezi kuiingiza kwako hata ubonyeze kitufe cha kuanza upya mpaka kidole kiume. Dada yangu aliuziwa ya hivyo kama "mpya kabisa", na dukani akaambiwa amtafute mwenyewe huyo mwenye akaunti.

Dai iunganishwe na simu yako kabla hujatoa hela. Akisema hapo dukani mtandao hausomi, mwambie rafiki yako awashe wa kwake, lakini wa masafa ya 2.4 GHz, maana kamera nyingi za aina hii hazioni 5 GHz. Akinuna, duka la pili liko hatua kumi.