Kosa 403 la mara kwa mara kwenye seva ya ndani: setgid au ACL?

Ukurasa mmoja unafunguka, wa pili unatoa 403 (seva imekataa kuufungua). Mara nyingi aliyepakia ana umask (mpangilio unaoondoa ruhusa kwenye mafaili mapya) ya 077: faili linazaliwa na ruhusa 600 (mwenyewe tu anasoma na kuandika), www-data (mtumiaji wa seva ya wavuti) hawezi kulisoma. Hakikisha kwanza kwa `namei -l` (huonyesha ruhusa za kila folda njiani hadi kwenye faili), usikimbilie 777 (ruhusa zote kwa kila mtu).

Setgid (`chgrp www-data`, kisha `chmod g+s` kwenye kila folda) hurithisha kundi la folda kwa mafaili mapya tu, si ruhusa. Umask bado inatawala, hivyo inatosha pale tu wapakiaji wote wana umask inayoliachia kundi ruhusa ya kusoma, mfano 027.

ACL ya msingi (orodha ya ruhusa za ziada ambayo mafaili mapya huirithi kutoka kwenye folda), `setfacl -R -d -m u:www-data:rX`, huipuuza umask, ndiyo bora. Ila mafaili ya zamani yanataka amri hiyohiyo bila `-d`, na lililohamishwa kwa `mv` halirithi kitu. Mtu akipiga `chmod 600`, `getfacl` itaonyesha `#effective:---` (www-data hana ruhusa yoyote inayofanya kazi), na 403 inarudi.