Leseni ya uuguzi nimeipata, ila ile grupu ya pepa niliyolipia naipa nyota mbili

Nianze na hela maana ndo inayouma. Mwezi wa sita, baridi ya Uyole, Mbeya, ile ya kukumbatia kikombe cha chai hadi kipoe chenyewe, nililipa 35,000 kuingia grupu moja ya WhatsApp ya maandalizi ya mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga. Jina sitaji. Kama umesoma uuguzi huku kwetu Nyanda za Juu Kusini nadhani linki yake ushatumiwa na mtu, maana mi mwenyewe nilitumiwa na watu watatu ndani ya wiki moja na wote walisema maneno yale yale, "humo ndani kuna mzigo wa uhakika".

Kwa msiojua, mi ni EN (enrolled nurse), yani nesi wa astashahada, NTA level 5, sio diploma. Ukishamaliza chuo na mitihani ya wizara ukafaulu, bado kisheria hujawa nesi. Kuna Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010 inayotaka Baraza likutambue na likupe leseni ndo uanze kuhudumia watu, na kabla ya leseni kuna mtihani wao. Mama yangu hilo lilimshinda kabisa. "Si ulivaa joho? Si tulichinja kuku na shangazi yako akatoka Tukuyu na ndizi? Sasa mtihani wa nini tena mwanangu?" Nilimweleza mara tatu, mara ya nne nikamwambia tu mama niombee.

Haya turudi kwenye grupu. Nisiwe mchoyo wa sifa, kulikua na dada mmoja humo anatuma sauti saa tatu usiku, anafundisha utadhani umekaa nae jikoni. Chanjo alizipanga mpaka leo zipo kichwani, BCG ya kifua kikuu na matone ya polio mtoto akizaliwa, penta (ile ya magonjwa matano) wiki ya 6, ya 10 na ya 14, surua rubela miezi 9 na miezi 18, na chanjo zikae kwenye nyuzi 2 hadi 8, basi. Patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa mama anaejifungua, pia alielezea vizuri, ule mstari wa tahadhari na wa kuchukua hatua niliokua nauchanganya tangu fildi ya kwanza. Nyota zote mbili ninazotoa ni za yule dada, sio za grupu.

Shida ikaja wiki mbili kabla ya mtihani. Admini akaanza kushusha "mzigo", yani pepa pamoja na majibu, na kila mzigo una hela yake, 35,000 ile kumbe ilikua ya kiingilio cha mlangoni tu. Nikaongeza 10,000. Daah. Kufungua, swali la hesabu ya dripu: mgonjwa apewe mililita 500 kwa masaa 4, seti inatoa matone 20 kwa mililita, matone mangapi kwa dakika? Jibu la mzigo likasema 125. Nikalimeza hivyo hivyo, si nimelinunua.

Siku mbili baadae nipo wodini. Hapa nieleze, nilikua nimeomba kwa metroni wa hospitali moja ya wilaya nije kujifunza tu chini ya usimamizi, maana nyumbani nilikua nasoma huku nasinzia. Kazi yangu kushika tochi, kupima presha, kuandika, na kutumwa maji ya moto. Sista mkunga mmoja, mama wa makamo, mkali ila ana roho, akanikuta na simu akasema hebu soma kwa sauti tusikie. Nikasoma. Nilivyofika kwenye 125 akacheka mpaka akashika meza. "Mwanangu, hiyo 125 ni mililita kwa saa, 500 gawa kwa 4. Kwenye matone unachukua 500 unazidisha 20 unapata 10,000, unagawa kwa dakika 240, inakuja 41 na ushee, unahesabu 42. Wewe ukimfungulia mtu matone 125 kwa dakika, masaa 4 yote yameisha ndani ya saa moja na dakika ishirini, na kama ni mama mwenye presha ya ujauzito au mzee wa moyo maji yanaishia kwenye mapafu." Alivyomaliza akaniondolea simu akaiweka mfukoni kwake, akanirudishia jioni.

Kuanzia hapo yule mama ndo akawa tuisheni yangu, na hakunidai hata soda. Staili yake ni moja, hakupi jibu, anakupeleka kitandani. Magnesium salfeti, dawa ya kifafa cha mimba, nilikua nimekariri tu gramu 4 za mshipani na gramu 10 za kwenye msuli, tano kila tako, full stop. Yeye akaniuliza sasa utajuaje imemzidi? Nikabaki natazama ukuta. Akanionyesha kwa mgonjwa, kwanza kugonga chini ya goti uone mguu unaruka au umelala, pili kuhesabu pumzi dakika nzima kwa saa ya mkononi zisishuke chini ya 16, tatu mkojo usiwe chini ya mililita 30 kwa saa. Na kalsiamu glukoneti, ya kuondoa sumu yake, iwe tayari pembeni, sio ukaanze kuulizia ufunguo wa kabati. Nikarudi kuangalia pepa ya mzigo, dawa ya kuondoa sumu ya magnesium wameandika vitamini K! Yani mtu ametuuzia hiyo kwa elfu kumi kumi na tulikua watu wengi tu humo, mi nikahesabu kichwani nikaacha, presha inapanda bure.

Nikaandika kwenye grupu kistaarabu, jamani admini swali la 14 na la 31 majibu sio. Nikaondolewa ndani ya dakika tano. Hela sijarudishiwa mpaka leo.

Binamu yangu yupo Texas, huko EN wa kwao wanaitwa LVN, majimbo mengi mengine wanasema LPN, na mtihani wao unaitwa NCLEX-PN. Nilimpigia kulia shida zangu, badala ya pole akacheka. Kwao mtihani unafanya kwenye kompyuta na kompyuta inakuchagulia maswali kutokana na unavyojibu, ukipata inakupa gumu zaidi, ukikosa inashuka, kwa hiyo ulokaa nae jirani ana mtihani wake na wewe una wako. Tangu mwezi wa nne 2023 maswali ni kati ya 85 na 150, muda masaa 5. Yeye ilimzimikia kwenye la 85 akatoka analia mpaka kwenye gari akijua amefeli, kumbe inaweza kuzima hapo kwa mtu aliefaulu na kwa aliefeli, alikua amefaulu. Dola 200 za mtihani zilikua zishamtoka. Akaniambia "sasa huku pepa utamuuzia nani, na ya nani?" Hapo nikaona wale majamaa wa mizigo wangekufa njaa Texas.

Mtihani wangu wenyewe sina mengi. Nililala mapema, nikala viazi na chai, nikaenda. Mzigo haukugusa hata swali moja ambalo mi nalikumbuka. Huduma kwa mama dakika ile mtoto akishatoka nikaijibu kwa kumuona yule sista mbele yangu kabisa, shika tumbo uhakikishe hakuna mtoto mwingine, oksitosini, sindano ya kuzuia asivuje damu, uniti 10 pajani ndani ya dakika moja.

Kilichonichelewesha leseni sasa, na hichi ndo kitu ambacho grupu la 35,000 halikusema hata kidogo, ni jina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Tusekile, cheti cha form four kinasema Tusekelege, bibi anasema yote sawa tu maana yake furaha. Mfumo wa leseni haujui furaha. Nikaenda kwa wakili mjini nikaapa kwamba hao wawili ni mtu mmoja, 20,000, nikaskani, nikapakia tena, nikasubiri. Kama unasoma hii na bado upo chuo, toa vyeti vyako vyote leo uvipange kitandani, usome herufi kwa herufi, na NIDA pia. Na malipo yote ni kwa kontrol namba, mtu akikwambia mtumie kwenye laini yake akusaidie kusukuma, mkatie simu.

Leseni ilivyotoka nikaenda stesheneri Mwanjelwa nikaprinti ya rangi, kijana akauliza laminesheni? Nikamwambia weka. Nikapanda bajaji moja kwa moja mpaka wodini. Yule mama alikua anabadilisha shifti, akaipokea akaisoma juu mpaka chini kama anatafuta kosa, akarudi juu kwenye jina.

"Tusekile au Tusekelege?"

Nikamwambia ndaga fijo mama, yani asante sana kwa Kinyakyusa, yote. Akanipa glavu.