Filtre ya pisini huku Lubumbashi: gani ya kununua, gani ya kuacha

Kila mwaka ikifika mwezi wa nane simu yangu inaanza kulia, upepo umeamka, vumbi nyekundu iko kila pahali, na batu ba Golf na Bel-Air banauliza swali moja: ndugu, mayi imekuwa sawa chai ya maziwa, nibadilishe filtre? Mara mingi filtre haina kosa. Lakini kama unajenga mupya ao tanki ya filtre ya zamani imepasuka kweli, soma hii mbele ya kupeleka franga kwa mwenye kukuletea vitu kupitia mpaka wa Kasumbalesa.

Ya kwanza kwangu ni filtre ya muchanga, na sibadilishi. Najua, ukisoma kwenye boksi utaona muchanga unashika uchafu wa mikroni 20 mpaka 40, kartushi (ya kitambaa cha kukunjwa) 10 mpaka 20, na ile ya unga wa diatome (unga laini wa mabaki ya mimea midogo sana ya mayi) inashuka mpaka 3 ao 5, njo batu banasema aa basi diatome njo kiboko. Kwenye karatasi, ndiyo. Huku kwetu umeme wa SNEL unaenda na kurudi, mayi ya foraji (kisima cha kuchimba na mashini) inaacha chokaa mu sufuria, vumbi hailali, unahitaji kitu utaosha mwenyewe dakika tatu, pompi ikisukuma mayi kinyume, bila kutafuta kipande dukani. Muchanga wenyewe unabadilisha kila miaka 5 hivi.

Batu banakosea kwenye ukubwa. Chukua pisini ya mita 8 kwa 4, kina 1.5 kwa wastani, hiyo ni mita za ujazo 48. Ukitaka mayi yote ipite mu filtre kwa masaa 5, unahitaji pompi ya karibu mita za ujazo 10 kwa saa. Muuzaji atakupa tanki ya upana wa milimita 500, na inatosha kweli, lakini wewe chukua 600 na pompi ile ile, mayi itapita polepole na muchanga utashika vizuri. Pompi kubwa juu ya tanki kidogo ni kusukuma uchafu paka utokee upande wa pili, na umeme unalipa bure.

Na muchanga ni silika ya milimita 0.4 mpaka 0.8, inauzwa mu mifuko, siyo ule wa kujengea! Nilishaitwa kwa mama moja, fundi alimujazia muchanga wa mto. Pale mayi inarudilia mu pisini, chini yake kulikuwa kilima kidogo cha muchanga, anafagia asubuhi, kesho kimerudi. Kufungua tanki, udongo umeshikana sawa tofali na krepini mbili za chini (vichujio vinavyozuia muchanga usitoke) zimevunjika, tulitoa ule muchanga siku nzima na kikombe. Ukiwa na franga ya ziada jaza vioo vya kusagwa mu tanki ile ile, chokaa haivishiki sana. Siyo lazima.

Ya pili, kartushi. Kuosha muchanga dakika 3 na ile pompi unamwaga litre 500, kama foraji yako ni zaifu ao mayi unanunua, hapo kartushi inakuwa ya kwanza. Unaitoa, unaipiga na mayi ya mpira, unarudisha. Nunua mbili kabisa, na uliza ya kubadilisha inapatikana wapi, akikujibu "tutaagiza", acha. Chokaa inatoka na asidi ya kuchanganya na mayi mingi, lakini osha kwanza mafuta ya ngozi na krimu, asidi ikikuta mafuta inayagandisha mule mule.

Diatome niliiweka ya mwisho. Mayi inang'aa, sikatai, ila kila ukiosha unaongeza unga tena, na ule unga haufai kuvuta puani, vaa maski. Hoteli yenye mufanyakazi wa kila siku, sawa. Nyumbani hapana.

Angalia bomba pia. Za Afrika Kusini ni milimita 50, ya Marekani ya inchi moja na nusu ni 48 na kidogo kwa nje, kwa macho ni mapacha, ukipaka gundi inavuja.

Ukishafunga, siku ya kwanza filtre ikiwa safi andika presha kwenye tanki na marka. Ikipanda kwa 0.5 bar, osha. Usioshe kila siku, muchanga wenye uchafu kidogo unachuja vizuri zaidi. Na zima pompi MBELE ya kugeuza vane (ile ya kuchagua njia ya mayi), baba moja alitafuta ufa mu pisini mwezi muzima juu mayi ilikuwa inashuka usiku, kumbe mpira wa ndani ya vane ulipasuka kwa kugeuza pompi ikizunguka, mayi inaenda mu kanivo (mufereji) polepole.

Masaa ya kuzungusha pompi kwa siku: gawa joto ya mayi kwa mbili. Mwezi wa sita mayi ya digri 18, masaa 9, mwezi wa kumi ikifika 26, masaa 13. Umeme ukikatika katakata, changa vipande. Ukikosa kabisa, tupa klorini magaribi na mukono, usugue kuta na brashi.

Sasa ile chai ya maziwa. Vumbi yetu ni udongo laini kuliko muchanga unavyoweza kushika, njo filtre haina kosa. Koroga sulfate ya alumini mu ndoo, mwanga, zungusha mayi saa moja bila kupitisha mu filtre, zima, lala (hata SNEL bakate, hapo banakusaidia). Kwa wa kartushi hiyo dawa isiingie kabisa mu filtre, itaiziba. Asubuhi utakuta tope imelala chini sawa blanketi, ivute polepole na vane ikiwa ya kutoa nje. Ukiharakisha inaamka yote, na unangoja tena paka kesho.